Vigae Arobaini na Nane

Watu wakinisifia ule ukuta wa posta natamani ardhi ipasuke inimeze. Wananigonga bega: "Mkubwa, umetutoa kimasomaso! Mashine yako imefanya maajabu." Nacheka kidogo, najifanya nina haraka, naondoka zangu. Ningekuwa na haya ya kutosha ningeshauhama mji huu. Lakini nikihama, Shangazi nimwachie nani? Na habari yenyewe ni yake, si yangu. Mimi nimo ndani yake kama fukusi ndani ya mahindi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, kitinda mimba wa Babu, na mwaka huu ametimiza sitini na saba. Mtaani wanamwita Mama Masizi kwa sababu tangu wamjue hawajawahi kumwona na kucha safi. Jina halimkeri hata kidogo. "Bora masizi ya kazi," huwaambia, "kuliko kucha nyekundu za kukaa barazani kusengenya watu." Hakujaliwa mtoto. Mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne, Shangazi alikuja na mfuko mmoja, akatia nguo zangu ndani, akaniambia, "Twende, baba, kwetu kuna udongo mwingi wa kuchezea." Nyumba yake ina vyumba vitatu, na kilicho kikubwa kuliko vyote si cha kulala. Ni cha vigae. Humo ndimo nilimofanyia hesabu za shule, kati ya rafu za vigae vibichi na makopo ya rangi, huku tanuri likinguruma nyuma ya nyumba.

Kazi yake ni vigae vya mapambo, vile vya kuchorwa kwa mkono, na alifundishwa na Babu. Nitaieleza upesi maana bila hiyo hamtaelewa ujinga wangu. Kwanza unachora kwenye karatasi ngumu, kwa ukubwa ule ule mchoro utakaokuwa ukutani. Kisha unapita juu ya kila mstari kwa sindano, tundu kwa tundu, mpaka karatasi inakuwa kama chujio. Vigae unavipanga sakafuni, karatasi unailaza juu yake, halafu unachukua kifuko cha kitambaa kilichojaa unga wa mkaa, unakigongagonga juu ya yale matundu. Ukiinua karatasi, mchoro umebaki kwenye vigae kwa vidoti vyeusi. Brashi inafuata vidoti. Tanurini mkaa unaungua, rangi inabaki. Basi. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya mtoto, na mimi nilivyo mjuaji ndivyo nilivyoiona miaka yote.

Ule ukuta wa posta Babu aliufanya akiwa na Shangazi, binti wa miaka kumi na saba wakati huo. Ni tawi moja la kijani linaloanzia mlangoni, linapita juu ya madirisha ya stempu, linafika hadi kwenye masanduku ya barua, halikatiki popote. Shina ni mkono wa Babu. Majani, yote, ni mkono wa Shangazi. Kazi zao nyingine zimekwisha. Nyumba zilivunjwa zikajengwa maduka, na wengine waling'oa vigae vyao wakabandika vya kiwandani vinavyoteleza kama sabuni. Ulibaki ukuta wa posta tu, na kila akienda kutuma barua Shangazi alikuwa anasimama mbele yake kidogo, kama mtu anayepita kumsalimia ndugu.

Mwaka juzi bomba lilipasuka ndani ya ukuta huo, upande wa kulia. Vigae arobaini na nane vilianguka. Shangazi aliletewa habari akiwa anakula, akasukuma sahani, akaenda na ndala miguuni. Alikuta vipande vimeshazolewa pamoja na kifusi. Jioni hiyo aliniandikisha barua kwa Mkuu wa Posta, na maneno yake bado nayakumbuka: "Sitaki malipo wala sifa. Nataka ukuta wa baba yangu uzibwe na mkono uliouanza." Nikaichapa, nikaipeleka mwenyewe. Ikapita miezi minane, kimya. Yeye hakukaa kusubiri. Alitoa karatasi za Babu sandukuni, akaichagua ile ya sehemu iliyoanguka, karatasi namba tano, akaitandika mezani na kuanza kuyazibua matundu yaliyoziba kwa miaka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Nikiumaliza huo ukuta," aliniambia, "macho yaende yanakotaka."

Sasa nije kwangu. Mimi ni mtu wa mashine. Nachonga vibao vya milango, nembo za maduka, herufi za juu ya maofisi. Unanipa picha, naiingiza kwenye kompyuta, mashine inachonga. Siku moja akaingia Mbunifu. Ndivyo alivyotaka kuitwa, na viatu vyake vilikuwa vyeupe mno kwa mitaa yetu. Akasema amepewa mradi wa posta, wa kuufasiri upya urithi kwa teknolojia, na anahitaji mwenye mashine kama yangu. Nilipomwambia waliofanya ukuta ule ni babu yangu na shangazi yangu, karibu anibusu.

Nilimpeleka nyumbani mwenyewe. Nilidhani namletea Shangazi heri! Mbunifu alikaa kwenye kigoda, akapapasa vigae vya zamani, akasema "ajabu" mara tisa. Nilihesabu.

"Mama," alisema, "tunachukua mchoro wako, tunauingiza kwenye kompyuta, mashine inauchonga kwenye kigae na kumimina rangi ndani ya mistari. Kigae kimoja, dakika sita."

"Dakika sita," alisema Shangazi. "Na mimi nitakuwa wapi hizo dakika sita?"

"Wewe utakuwa mshauri wetu, mama."

"Mshauri anashika nini?"

Mbunifu alinitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

"Sikiliza, mwanangu," Shangazi alimwambia, wala hakuwa na hasira. "Hizi karatasi hazitoki humu ndani. Si uchoyo. Karatasi bila mwenyewe ni karatasi tu. Niiteni mimi, nije nayo, niilaze kwa mkono wangu, nigonge mkaa, halafu hiyo mashine yenu ichonge ikipenda. Sina ugomvi na mashine. Kijana wangu anakula kwayo."

Alikuwa amekubali! Mniangalie vizuri hapo. Hakukataa, hakununa, alitaka tu awepo. Lakini tulipotoka nje Mbunifu alishika kiuno. "Kaka, bibi atatusimamia kila kigae. Uzinduzi ni mwezi ujao, wageni wameshaalikwa. Tutamaliza lini?" Akautazama mlango tuliotokea. "Wewe si wa nyumbani? Si una ufunguo?" Akaongeza kwamba anafungua karakana kubwa, mashine sita, na anatafuta msimamizi anayemwamini.

Ilikuwa tamaa. Sina jina jingine la kuipa. Nilijiambia macho ya Shangazi yamekwisha, hata akiitwa hataweza, afadhali apate mapumziko. Nilijiambia ukuta ukishazibwa atafurahi, hatauliza umezibwaje. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi wema wa kuufunikia.

Jumatano alikuwa na miadi na daktari wa macho. Nilimsindikiza hadi kwenye foleni, nikamwachia chupa ya maji na mkate, nikamwambia nakwenda kazini mara moja. Nilikwenda nyumbani kwake. Karatasi namba tano ilikuwa mezani, imebanwa kwa mawe manne. Nikaikunja kama bomba, nikaipeleka kazini, nikaipitisha kwenye skana vile vile ilivyokuwa imelala, nikairudisha mahali pake na mawe yale yale kwenye pembe zile zile. Hata mwizi wa kuku huwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa na utulivu wa mtu anayetandika kitanda.

Nilipomrudia kliniki alikuwa amekaa nje na mkate wangu nusu, nusu amempa mtu mwingine.

"Daktari anasemaje, Shangazi?"

"Anasema kama nina kazi ya kumaliza, nisichelewe."

Asante ya punda ni mateke, na siku hiyo punda alikuwa amemshika Shangazi mkono akimvusha barabara.

Kompyuta iliyasoma matundu ya Babu ikayaunganisha yakawa mistari. Tawi likajitokeza kwenye kioo, zuri, na majani yake yote. Lakini tawi likiwa peke yake kwenye kioo halikuambii linatoka wapi wala linakwenda wapi. Vipimo vya pengo tulikuwa navyo, na mchoro ulienea ndani yake barabara. Kuhusu kwenda kusimama mbele ya ukuta na kutazama, hakuna aliyekwenda. Ulikuwa umezungushiwa mbao kwa sababu ya mafundi bomba, na sisi tulikuwa na kompyuta, ukuta wa nini? Kwa siku moja vigae arobaini na nane vikachongwa. Kwa wiki vikawa vimetiwa rangi na kuchomwa kwenye tanuri la umeme. Sitasema uongo, vilikuwa safi. Nilivipanga juu ya meza nikavitazama, nikajiona fundi.

Fundi wa kubandika alifanya kazi nyuma ya zile mbao, vigae vya zamani vimefunikwa nailoni visirukiwe na saruji. Alifuata namba tulizompa. Siku moja kabla ya uzinduzi alitoa mbao, akavua nailoni, akanipigia simu.

"Bosi, njoo uone. Tawi halishikani."

Nilikwenda na Mbunifu. Jamani! Tawi la zamani lilikuwa linashuka kutoka juu. Likafika kwenye vigae vyetu, likakuta weupe mtupu, likaishia hapo. Tawi letu lilikuwa linaanzia chini, mahali pasipo na kitu, linapanda kuelekea kulia, nalo linakufa hewani. Vigae vyenyewe vilikaa sawasawa, hata unywele usingepita kati yake. Lakini mchoro wote ulikuwa umetazama kwingine, kama mgeni aliyekaa kwenye meza isiyo yake.

Nilidhani Mbunifu atalia. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa upande, akasema, "Unajua, hii inasema kitu."

"Inasema tumekosea," alijibu fundi wa kubandika.

Aliambiwa afagie, achukue vyombo vyake, aende.

Shangazi alialikwa kwenye uzinduzi, safu ya tatu. Alijua posta wameamua kutumia mashine, nilimwambia hivyo, na alidhani wametafuta mchoro mwingine wa kwao. Iliuma, lakini alikwenda. "Nikaone wamemfanyia nini baba," alisema. Alivaa gauni lake la maana, akasugua kucha kwa limau mpaka vidole vikawa vyekundu. Tulikaa pamoja. Mbunifu alishika kipaza sauti akaeleza kwamba tawi limekatika kwa makusudi, kama sisi tulivyokatika na wazee wetu, na kwamba hiyo ndiyo fasiri mpya, mazungumzo ya zamani na sasa. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa Posta alitoa leso akajifuta macho. Barua ya Shangazi sijui aliifutia nini.

Shangazi hakupiga makofi. Aliinuka katikati ya hotuba, akaenda hadi ukutani, maana kwa mbali alikuwa haoni vizuri, akaweka kidole kwenye tawi. Akalifuata. Kidole kilipofika kwenye vigae vipya kikasimama. Akapapasa juu, akapapasa chini, akalipata jani moja, akalizunguka kwa ncha ya kidole polepole. Alilijua. Nilimwona mgongoni tu, na nilijua kwamba amelijua.

"Mama, hebu geuka huku tukupige picha," mpiga picha alimwambia.

Hakugeuka.

Nyumbani alivua viatu, akanawa mikono, akaketi.

"Karatasi namba tano waliipata wapi?"

"Shangazi..."

"Sikugombezi. Nakuuliza."

"Niliichukua mimi. Ile siku ya macho."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Ukaipiga picha vile vile ilivyokuwa mezani?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana." Akaniita mezani, akaiinua karatasi kwa pembe mbili. "Baba alichora nusu ya ukuta, nusu ya kushoto tu. Kulia alikuwa anaigeuza. Tundu la sindano limetokea pande zote mbili, kwa nini uchore mara ya pili? Hapa mezani ilikuwa imetazama juu kwa sababu nilikuwa naizibua matundu. Lakini vile arobaini na nane ni vya upande wa kulia. Unaigeuza." Akaigeuza. Tawi likashuka kutoka juu, kama linavyotakiwa. "Umeniona nikigeuza karatasi tangu una miaka minne."

Nilikuwa nimemwona. Mara mia, mara elfu. Sikuwahi kuuliza kwa nini, maana ilikuwa kazi ya Mama Masizi, na mimi nilikuwa mtu wa kompyuta.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Hata kwa simu. Ningekuambia igeuze, vigae vingekaa, na mimi nisingejua hata kama umeniibia."

Nililia. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na moja, nililia mpaka kamasi. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize.

"Haya. Kesho nenda kawaambie. Vigae arobaini na nane si vingi. Wang'oe vile, mimi nawapa vya kwangu. Sitaki jina langu liandikwe popote, na huyo mwenye viatu vyeupe aendelee kusema ni kazi yake. Tawi la baba lishikane, basi."

Nilikwenda. Haki ya Mungu nilikwenda, na nilisema kila kitu. Mbunifu hakunifokea hata, angenifokea ningemshukuru. Alinivutia kiti, akanionyesha simu yake. "Kaka, umeona jinsi watu wanavyouzungumzia? Kuna benki wanataka ukuta kama huo kwenye ukumbi wao. Nimewauliza mara mbili, wamesisitiza: ukatike vile vile. Leo nikaung'oe?" Akanishika bega. "Bibi mwambie tunamheshimu sana. Na wewe Jumatatu unaanza, msimamizi."

Nilirudi. Shangazi alikuwa mlangoni anachekecha mkaa, uso wote mweusi, anaimba kwa chini. Miaka sikuwa nimemsikia akiimba.

"Wamesemaje?"

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Wamekubali, Shangazi."

Sasa ni miezi mitano. Jumatatu ile nilianza, ndiyo, msinitolee macho; mtu aliyekwisha kuuza nyumba hagombanii ufunguo. Asubuhi nipo karakanani, nasimamia mashine sita zikichonga lile kosa langu kwa ajili ya benki, na sasa wameagiza na hoteli. Jioni nipo kwa Shangazi. Jicho la kushoto limeshafunga, la kulia linaona kivuli na mwanga. Mimi ndiye ninayelaza karatasi. Kila mara ananiuliza, "Umeigeuza?" nami namjibu, "Nimeigeuza, Shangazi." Haamini. Anapapasa ile karatasi kwa vidole, anautafuta ule upande unaokwaruza, ambako sindano ilitokea, akishaupata ndipo anagonga mkaa. Rangi anapaka kwa kufuata mkwaruzo mdogo ninaoupitisha kwenye vidoti kwa msumari ili aweze kuusikia kwa kidole. Kigae kimoja kinamchukua siku mbili, tatu. Vikiharibika anavivunja na kuanza upya, na kila wiki ananiuliza posta hawajachoka kusubiri? Nami kila wiki namwambia hawajachoka, wanamsalimia.

Majani yake, niwaambieni ukweli, si mazuri kama ya zamani. Mengine yametetemeka. Lakini nimevipanga vyote sakafuni nikapitisha kidole, na tawi linashikana mwanzo hadi mwisho.

Jana ametoa cha arobaini na nane tanurini. Amevifunga vyote kwa magazeti, vinne vinne, akaviweka kwenye makasha mlangoni. Leo asubuhi kabla sijaenda kazini alikuwa ameshavaa gauni lake la maana, amekaa juu ya kasha mojawapo, ananiambia nitafute gari la mizigo lisilorukaruka, na kwamba yeye atakaa nyuma na vigae, asivipakate mtu mwingine. Ameniuliza kama fundi wa kubandika ameshaambiwa.

Nimemwambia ameshaambiwa, anatusubiri hapo posta.